Maswali ya Wasomaji: Mama wa Mfalme Alikuwa na Nguvu Gani?

Barua za mwezi huu zimekuja na mada moja bila wenyewe kuambizana: ikulu ya Yerusalemu ya kale, na hasa yule mwanamke ambaye hakuwa mke wa mfalme aliyeketi, lakini wake wa mfalme walimpisha njia. Nimechagua chache na kuzifupisha. Wengine mnaandika kurasa sita kabla hamjafika kwenye swali, nami sina moyo wa kuzichapa zote.

Shikamoo Mwalimu. Kwenye kikundi chetu cha Biblia tumebishana mpaka tukakosa kufunga kwa sala. Katika 1 Wafalme 2 Sulemani anamwinamia Bath-sheba, anamwekea kiti mkono wa kuume, anamwambia aombe, hatamkatalia. Halafu ombi linakataliwa na Adonia anauawa. Sasa huyu mama alikuwa na uwezo wowote, au kile kiti kilikuwa cha heshima tu? — Mwimbaji wa kwaya

Marahaba. Uwezo alikuwa nao, na kukataliwa kwa lile ombi hakuupunguzi hata kidogo. Ila huwezi kuuona ukianzia sura ya pili. Rudi sura moja nyuma.

Daudi amezeeka, anafunikwa nguo na hapati joto. Abishagi Mshunami ameletwa kumtunza. Nje ya mji, En-rogeli, Adonia, mwana wa Daudi kwa Hagithi, anajiinua awe mfalme: anachinja kondoo na ng'ombe, na amewaalika ndugu zake wote isipokuwa Sulemani. Anaye Yoabu jemadari, anaye Abiathari kuhani. Kwa umri pia ana hoja: ni wa nne kati ya wana sita aliowapata Daudi akiwa Hebroni, kila mmoja kwa mama yake, na wakubwa zake Amnoni na Absalomu wameshauawa, Kileabu hasikiki tena. Sulemani ni wa baadaye, wa Yerusalemu.

Upande wa Sulemani yuko Nathani nabii, Sadoki kuhani, na Benaya mwenye upanga. Lakini anayeingia chumbani kwa mfalme si Benaya. Anaingia Bath-sheba. Nathani amempangia cha kusema, na hapa naomba msome polepole, maana raha ya simulizi iko hapa. Nathani anamwambia aulize: je, bwana wangu mfalme, hukuniapia kwamba Sulemani atatawala? Bath-sheba akifika mbele ya kitanda haulizi. Anamwambia mfalme moja kwa moja: uliapa, tena uliapa kwa Bwana Mungu wako. Anaongeza kwamba mambo yanatendeka na mfalme hana habari. Anaongeza kwamba macho ya Israeli wote yanamtazama yeye. Hakuna hata moja kati ya hayo alilofundishwa na nabii. Mwisho anasema siku mfalme atakapolala na baba zake, "mimi na mwanangu Sulemani" tutahesabiwa wakosaji.

Mimi na mwanangu. Ndiyo mizani yenyewe. Ikulu yenye wake wengi, na isiyo na sheria iliyoandikwa ya nani arithi, huwafunga mama na mwana kamba moja. Mtoto akikosa kiti, mama hakosi cheo tu, anaweza kukosa na shingo. Akipata, mama anapanda mahali ambapo mke hawezi kufika, kwa sababu wake ni wengi na mama ni mmoja.

Ndiyo maana katika sura ya kwanza Bath-sheba anainama mpaka chini mbele ya Daudi, na katika sura ya pili mfalme ndiye anayesimama, anamlaki na kumwinamia yeye. Mwanamke ni yuleyule. Jana alikuwa mke mmojawapo, leo ni mama wa mfalme.

Adonia naye anaujua mlango uko wapi. Kashindwa mbio za ufalme, anaishi kwa msamaha, anataka kuombewa jambo. Haendi kwa kuhani wala kwa jemadari. Anakwenda kwa Bath-sheba, na sababu anaitaja mwenyewe: mfalme hatakukatalia wewe. Adui anapokiri kwamba una neno, sihitaji ushahidi mwingine.

Anachoomba ni apewe Abishagi awe mkewe. Bath-sheba analiita ombi moja dogo. Wako wanaomsoma hapo kama mama mwema asiyejua siasa. Mimi siafiki hata kidogo. Mama huyu alikuwa mke wa Daudi wakati Absalomu alipomwasi baba yake, akapigiwa hema darini akawaingilia masuria wa baba yake mbele ya macho ya Israeli. Shauri lile lilikuwa la Ahithofeli, na kama Eliamu baba wa Bath-sheba ndiye Eliamu mwana wa Ahithofeli aliyeko kwenye orodha ya mashujaa wa Daudi, basi lilikuwa shauri la babu yake mwenyewe. Anayemtaka mwanamke wa mfalme anautaka ufalme; hakuna mtu Yerusalemu aliyelijua hilo kuliko yeye. Alilichukua neno la Adonia, akalifikisha lilivyo, akaliita dogo, akakaa mkono wa kuume kusubiri. Sulemani akawaka: mwombee na ufalme pia, maana ni ndugu yangu mkubwa. Benaya akatumwa siku hiyohiyo. Abiathari akafukuzwa kwenda shambani kwake Anathothi, Yoabu akauawa katika hema ya Bwana akiwa ameshika pembe za madhabahu. Kambi nzima ya Adonia imefagiwa, na kisingizio kimeletwa na mama. Andiko halisemi nia yake. Mimi nasoma matokeo.

Mwalimu, kama ni mapenzi ya mwana kwa mama tu, mfalme Asa alimvua Maaka kitu gani? Mtu hawezi kufukuzwa umama. — Mwanafunzi wa theolojia

Umeuliza kama mwanasheria, na swali lako ndilo lililo gumu kuliko yote ya mwezi huu. Wataalamu nao wamegawanyika. Kundi moja linasema Yuda, ufalme wa kusini wa ukoo wa Daudi, ilikuwa na cheo rasmi cha mama wa mfalme, chenye kazi zake, labda hata za ibada. Kundi la pili linasema hakukuwa na cheo, kulikuwa na wanawake wachache hodari waliotumia nafasi.

Tazama kwanza Maaka alivyofika. Rehoboamu, mwana wa Sulemani, alikuwa na wake 18 na masuria 60, wana 28 na mabinti 60. Maaka alipendwa kuliko wote, na Abiya mwanawe akawekwa mkuu juu ya ndugu zake. Wale ndugu wengine Rehoboamu akawatawanya kwenye miji yenye ngome, akawapa chakula tele na kuwatafutia wake wengi. Kwa Kiswahili cha mtaani, aliwashibisha wasilete fujo. Abiya akatawala miaka 3 tu akafa. Akaja Asa, mwana wa Abiya, naye mama yake anaandikwa Maaka binti Abishalomu, jina lilelile na baba yuleyule. Mimi namchukulia kuwa ni bibi yake. Mwanawe amekufa, mjukuu yuko kitini, na yeye bado anashika nafasi ya mama wa mfalme. Kwa hiyo ile nafasi haikufa na mtoto. Ilikuwa na kiti chake.

Kisha Asa akamwondoa kwa sababu alitengeneza sanamu ya kuchukiza kwa ajili ya Ashera, mungu wa kike. Sanamu ikakatwa na kuchomwa kwenye kijito cha Kidroni. Angalia kwamba Asa hakuona inatosha kuchoma sanamu. Mwanamke mwenye kiti akisimamisha sanamu, watu huifuata, na akibaki kitini ataisimamisha nyingine.

Majirani wanasaidia kidogo. Kwa Wahiti, malkia alishika cheo chake mpaka kufa, hata mumewe akitangulia na mfalme mpya akiwa na mke wake. Mfalme Mursili II alimvua cheo mama yake wa kambo, mjane wa baba yake, na kumtoa ikulu, akimshtaki kwa kifo cha mkewe. Ashuru nako, Naqia, mama wa Esarhadoni, aliwaapisha wakuu wa nchi wawe watiifu kwa mjukuu wake Ashurbanipali. Yuda haikuwa kisiwa.

Hata hivyo Torati inapomwekea mfalme mipaka, katika Kumbukumbu la Torati 17, inataja farasi, wake, fedha na dhahabu. Mama hatajwi. Kwa hiyo nasimama katikati, ingawa nikiegemea upande wa kwanza: ilikuwa nafasi ya desturi, yenye kiti, heshima na watu wake, lakini isiyo na sheria ya kuilinda. Ndiyo maana Asa aliweza kuivunja kwa neno lake mwenyewe, bila mahakama wala baraza.

Mwanangu Mwalimu, mimi ni bibi, wajukuu wangu wamejaa nyumbani. Kila nikifika kwa Athalia nafunga kitabu. Bibi gani anaua wajukuu wake? Nifafanulie, kama kuna la kufafanua. — Bibi wa wajukuu wengi

Shikamoo bibi. La kumtetea sina. La kueleza lipo.

Athalia alikuwa wa nyumba ya Ahabu, mfalme wa Israeli ya kaskazini aliyeketi Samaria. Akaozwa kwa Yehoramu wa Yuda ili falme mbili zilizokuwa zikipigana zipatane. Mumewe alipotwaa kiti aliwaua ndugu zake mwenyewe. Baadaye wavamizi wakawaua wanawe wote isipokuwa mdogo, Ahazia. Huyo akatawala mwaka 1, na Mambo ya Nyakati kinasema mama yake ndiye aliyekuwa mshauri wake katika kutenda maovu. Yaani hata adui zake wanakubali kwamba alikuwa mezani shauri linapokatwa.

Mwaka wa 841 KK hivi, Ahazia akaenda Yezreeli kumjulia hali Yoramu mfalme wa Israeli aliyejeruhiwa vitani. Yehu, jemadari wa Israeli aliyeasi, akafika na jeshi. Akamuua Yoramu, Ahazia akakimbizwa akafa kwa majeraha, Yezebeli mjane wa Ahabu akatupwa dirishani, na wana 70 wa Ahabu vichwa vyao vikapangwa mafungu mawili langoni. Habari zikafika Yerusalemu kwamba Athalia hana tena mwana, wala ukoo wa kwao.

Sasa fikiria hesabu yake, bibi, ingawa inatia kichefuchefu. Cheo chake kilitegemea mwana aliyekwisha kufa. Wajukuu walikuwepo, lakini kila mjukuu alikuja na mama yake. Yule mtoto aliyenusurika, Yoashi, alikuwa wa Sibia wa Beer-sheba. Siku Yoashi au ndugu yake angewekwa kitini, Sibia au mke mwenza wake angekaa mkono wa kuume, na Athalia, mgeni wa Samaria aliyechukiwa, angebaki mjane asiye na mtetezi. Maaka alibaki na kiti chini ya mjukuu. Athalia hakutaka kubahatisha.

Akatawala miaka 6, mwanamke pekee kukalia kiti cha Daudi. Aliyemzunguka alikuwa mwanamke mwenzake: Yehosheba, dada wa Ahazia na mke wa kuhani Yehoyada, alimwiba mtoto na mlezi wake akawaficha hekaluni. Mwaka wa 7 Yehoyada akawagawia maakida mikuki na ngao za Daudi, akamvika kijana wa miaka 7 taji. Athalia akasikia kelele, akaja mwenyewe kutazama, akamkuta mtoto amesimama penye nguzo. Akararua mavazi yake akipiga ukelele wa uhaini. Hawakumuua ndani ya hekalu; walimpitisha mahali farasi wanapoingilia nyumba ya mfalme, wakamuulia hapo.

Kwa nini wafalme wa Yuda wanaandikwa na majina ya mama zao, na wale wa Samaria hapana?

Kweli. Wafalme 19 wa Yuda kuanzia Rehoboamu, 17 wametajiwa mama. Waliokosa ni Yehoramu na Ahazi. Kwa Israeli ya kaskazini anatajwa mmoja, Serua mjane, mama wa Yeroboamu wa kwanza, na anatajwa kabla mwanawe hajawa mfalme. Yuda ilikuwa na nyumba moja ya kifalme, swali lilikuwa ni mtoto wa nani kati ya wake. Samaria ilipinduliwa mara kwa mara, na mwanajeshi akishapindua hakuna anayeuliza mama yake. Lakini msidhani cheo hakikujulikana huko. Jamaa za Ahazia walipokutana na Yehu njiani, walisema wanakwenda kuwasalimu wana wa mfalme na wana wa mama wa mfalme, ndiye Yezebeli. Watu 42, na hawakufika.

Mwalimu, ulitaja zamani Hamutali ukapita. Alikuwa nani?

Nilipita kwa kukosa nafasi, maana huyu angestahili toleo zima. Hamutali binti Yeremia wa Libna, si yule nabii. Mke wa Yosia, na mama wa wafalme wawili.

Mwaka 609 KK Yosia anauawa Megido na Farao Neko. "Watu wa nchi", yaani wenye mashamba na ukoo huko nje ya mji, wanamtia mafuta Yehoahazi mwenye miaka 23. Kaka yake Eliakimu ana 25 na anarukwa. Mama zao ni tofauti: wa Eliakimu ni Zebida wa Ruma, wa Yehoahazi ni Hamutali. Libna iko Shefela, nchi ya chini ya Yuda, na mimi naona mkono wa wajomba katika kuruka huko. Mdogo hapiti juu ya mkubwa bure. Miezi 3 baadaye Neko anamfunga kijana huko Ribla, katika nchi ya Hamathi, anatoza nchi talanta 100 za fedha na 1 ya dhahabu, na kumweka Eliakimu kwa jina jipya la Yehoyakimu. Yehoahazi anafia Misri. Kiti cha mama nacho kinahama nyumba.

Miaka 11 baadaye anakuja Yehoyakini, kijana wa miaka 18, na mama yake Nehushta binti Elnathani wa Yerusalemu. Hapa Yeremia, nabii sasa, anatumwa kwa mfalme na mama yake kwa pamoja: nyenyekeeni, ketini chini, taji ya utukufu wenu imeanguka. Hasemi na mfalme peke yake. Na mji ulipojisalimisha kwa Nebukadneza mwaka 597 KK, tazameni jinsi orodha ya waliotoka na waliochukuliwa ilivyopangwa. Anatoka mfalme, na mama yake, na watumishi, na wakuu, na matowashi. Wanaopelekwa Babeli: Yehoyakini, mama wa mfalme, kisha wake wa mfalme, kisha matowashi na wakuu wa nchi. Karani aliyeandika hakuwa na hoja ya kujenga. Aliandika watu kwa ukubwa wao, na mama akaja wa pili, wake wakamfuata. Ukinitaka nichague aya moja ya kuonyesha cheo hiki, nitaacha kile kiti cha Sulemani, nitachukua orodha hii. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa Babeli vinamtaja Yehoyakini na wanawe watano wakipewa mgao wa mafuta, kwa hiyo safari ile si hadithi.

Nebukadneza akamweka Sedekia, miaka 21. Mama yake? Hamutali wa Libna. Amerudi ikulu, miaka zaidi ya kumi baada ya kumpoteza mwana wa kwanza. Sedekia akatawala miaka 11, akaasi, mji ukaanguka, akakamatwa kwenye nyanda za Yeriko akapelekwa mbele ya mfalme wa Babeli, na mfalme huyo alikuwa amepiga kambi Ribla. Wanawe wakachinjwa mbele yake, kisha macho yake yakang'olewa. Mwana wa kwanza alifungwa Ribla na Mmisri, wa pili akapofushwa Ribla na Mbabeli.

Mama wa Lemueli katika Mithali 31 naye alikuwa malkia wa Yuda?

Hapana. Lemueli hayumo kwenye orodha ya wafalme wa Yuda wala wa Israeli. Lakini soma aya ya 1 hadi 9 ukiwa na Nehushta na Athalia akilini: mama anamfunda mfalme kuhusu wanawake, mvinyo na haki ya bubu asiyeweza kujisemea, kwa sauti ya mtu asiyeomba ruhusa. Shairi la mke mwema linaanzia aya ya 10, na hilo ni jingine kabisa. Nimepokea barua nne kulihusu na nitazijibu toleo lijalo, pamoja na yule ndugu anayedai Yehu alionewa.